VLAN asilia hazilingani kwenye tranki: sawazisha upande wa pili

Pole ndugu yangu. Umesema swichi zako mbili za Cisco zinatoa ujumbe wa NATIVE_VLAN_MISMATCH tangu uweke VLAN asilia 99 kwenye moja (VLAN ni mtandao pepe ndani ya swichi; ya asilia ndiyo inayopokea data isiyo na lebo kwenye tranki, yaani kiungo kinachobeba VLAN nyingi kati ya swichi), na ya pili hukuigusa. Tatizo ni hilo: ya pili bado iko kwenye 1. Fremu (kifurushi cha data) isiyo na lebo ya VLAN inatoka huku ikiwa ya 99, ikifika kule inahesabiwa ya 1. Spanning tree (itifaki inayozuia mizunguko kwenye mtandao) ikigundua, huzizuia VLAN hizo kwenye poti hiyo, ndiyo maana baadhi ya kompyuta zimekatika.

Ingia kwenye poti ya tranki ya swichi ya pili, andika `switchport trunk native vlan 99`, kisha kagua pande zote kwa `show interfaces trunk`. Hiyo 99 usimpe mtumiaji yeyote.

Lakini kama unaifikia swichi hiyo kupitia tranki hiyohiyo, tanguliza `reload in 10` (swichi itajiwasha upya baada ya dakika 10 na kurudi kwenye mipangilio iliyohifadhiwa), na mabadiliko usiyahifadhi bado. Niliwahi kujifungia nje ya swichi. Nikalazimika kupanda ngazi usiku na kebo ya konsoli mkononi. Mambo yakikaa sawa, andika `reload cancel`, ndipo uhifadhi. Kiungo kikiwa kinahudumia wodi za hospitali, usikiguse bila mhandisi wa mtandao kuwepo.