Wasomaji Wanauliza: Rangi Inayovuka Mstari

Tangu tulipotoa makala ya uchapaji wa Kijapani wa vibao, barua hazijakatika. Zilizofanana tumeziunganisha, nao wachongaji na wachapaji wetu wamejibu kadiri nafasi ilivyoruhusu. Kwa aliyepitwa na makala ile: picha huchongwa kwenye vibao, kimoja cha mistari myeusi na vingine vya rangi. Rangi ya maji hupakwa kwenye kibao kwa brashi, karatasi yenye unyevunyevu hulazwa juu yake, kisha husuguliwa mgongoni kwa mkono. Kila kibao kina kento, yaani alama mbili zilizochongwa ukingoni ili karatasi ikae palepale kwa kila rangi. Mashine haimo.

Mhariri, salaam. Nimechonga vibao vinne vya picha moja na alama za kento nimezipima kwa makini. Karatasi tano za mwanzo zinakaa sawasawa. Kufikia ya kumi, nyekundu imeshavuka mstari mweusi, na ya ishirini ni balaa. Kento zimeharibika? – S. A.

Kento zako ni nzima, na barua yako yenyewe inazitetea. Kento iliyochongwa vibaya hukosea vilevile kwenye kila karatasi, tangu ya kwanza mpaka ya mwisho. Kosa linaloongezeka kadiri kazi inavyokwenda ni kosa la maji. Rundo lako linakauka huku wewe ukichapa, na karatasi ikikauka hunywea. Kwenye karatasi ya oban, ambayo ni kama sentimita 39 kwa 26, kunywea kidogo tu kunatosha kuipeleka nyekundu ya mdomo kidevuni.

Hakikisha hivi. Kwa kawaida kagi, ile alama yenye umbo la pembe, iko kona ya chini kulia, na hikitsuke, ile iliyonyooka, iko upande wa kushoto kwenye ukingo huohuo. Tazama picha iliyoharibika ukianzia kwenye kagi. Ikiwa rangi zimekaa vizuri karibu na kagi na zinazidi kupotoka unavyoelekea kona ya juu kushoto, karatasi imenywea. Ikiwa zimehama kwa kiasi kilekile kila mahali, hapo ndipo ulaumu kento, au uchafu ndani yake. Punje moja ya mbao au rangi iliyoganda kwenye pembe ya kagi huisukuma karatasi nzima, kwa hiyo zifute kila baada ya karatasi chache.

Sasa dawa. Siku moja kabla ya kuchapa, chukua brashi pana, ichovye maji, ikung'ute, pitisha kwenye karatasi moja, kisha weka juu yake karatasi moja au mbili kavu. Lowesha nyingine, funika tena kwa kavu, endelea hivyo hadi rundo liishe. Lifunge kwa plastiki, weka ubao juu, liache usiku kucha. Asubuhi karatasi zitakuwa zimegawana maji zenyewe. Shika moja kwa kona: inalegea kama kitambaa. Iguse kwa shavu: ni ya baridi, lakini haikuachii maji. Ukiona uso wake unameta, imezidi. Pachika karatasi kavu za kunyonya katikati ya rundo na usubiri saa moja au mbili.

Wakati wa kuchapa, wanaoanza huacha rundo wazi kwa sababu linawasumbua kulifunuafunua. Hapo ndipo ulipokosea, tunakisia. Chomoa karatasi moja, funika. Ukimaliza kuichapa, iweke kwenye rundo la pili, nalo lifunikwe, likiwa na karatasi iliyoloweshwa chini na juu. Maliza rangi moja kwa karatasi zote ndipo uanze nyingine. Usiende kula rundo likiwa wazi.

Na siku utakapokuta kento ndiyo yenye kosa kweli, usichonge kibao upya. Ikiwa karatasi inatakiwa isogee nje, kuelekea ukingo wa kibao, nyoa ukuta wa kento kwa patasi bapa, kidogo kama unene wa karatasi, jaribu, unyoe tena. Ikiwa inatakiwa isogee ndani, gundisha kijiti chembamba cha mbao kwenye ukuta huo. Wazee wa kazi hii walifanya hivyohivyo.

Eneo kubwa la buluu linatoka na vidoadoa vyeupe. Nimeongeza rangi, nimesugua mpaka bega linauma, bado. – Mchapaji Mchanga

Vidoa hivyo vina jina: goma, yaani ufuta. Wako wachapaji wanaoutafuta ufuta huo makusudi, kwa ukuta wa mawe au anga la vumbi, kwa kuchapa bila uji wa mchele. Wewe umeupata bila kuuomba.

Rangi ya uchapaji huu haikamiliki kwenye chupa, hukamilikia juu ya kibao. Unadondosha rangi, unaweka tone la uji wa mchele kando yake, kisha brashi ndiyo inayovichanganya. Bila uji, rangi hujikusanya kwenye vinyweleo vya mbao na kuacha mapengo. Pika kijiko kimoja cha unga wa mchele kwa vijiko vitano vya maji, koroga mfululizo hadi uache weupe wa maziwa na uanze kung'aa, uchuje, uache upoe. Kwa eneo la ukubwa wa kiganja, kiasi cha punje ya njegere kinatosha; kwa kibao cha mistari, pungufu ya hapo. Ukizidisha utajua: alama za brashi zitaonekana kwenye picha, na kingo za rangi zitakuwa na mstari mzito uliosukumwa nje.

Lakini kabla ya kugusa uji, angalia kibao. Mbao kavu hunywa rangi kabla karatasi haijafika. Kilowe dakika chache kwa kitambaa chenye maji, futa, kisha toa karatasi tatu au nne za majaribio zisizo na thamani. Kibao hakichapi vizuri mpaka kishibe. Pitisho la mwisho la brashi liwe jepesi, likifuata nyuzi za mbao. Bado ukiona ufuta, chapa mara ya pili juu ya ileile. Ndiyo kazi ya kento: karatasi hurudi palepale. Wapo wachapaji stadi ambao eneo jeusi kamwe hawalichapi mara moja tu.

Msomaji mwingine ana shida iliyo kinyume: mistari inavimba na rangi inapenya hadi nyuma. Karatasi yake haina dosa. Hiyo ni gundi ya ngozi iliyoyeyushwa kwa maji ya moto pamoja na shabu kidogo, hupakwa kwenye karatasi na kuachwa ikauke kabla ya kazi yote. Karatasi ya nyuzi za kozo, yaani mforsadi, ni imara ajabu, ila bila dosa hunyonya kama pamba, na uso wake huanza kuchanika vinyuzi kwenye rangi ya tatu au ya nne.

Bareni halisi ya kusugulia karatasi ni ghali mno. Kijiko cha mbao hakifai? – J. M.

Kwa mistari na picha ndogo, kinafaa. Kwa eneo pana kitakuachia michirizi, kwa sababu kijiko hukandamiza pahali pamoja tu.

Bareni ni kisahani cha upana wa sentimita 12 au 13 hivi, na ghali yake imo ndani. Mgongo wake ni tabaka nyingi za karatasi nyembamba zilizogundishwa moja juu ya nyingine na kupakwa lakeri. Ndani yake mnakaa kamba iliyosokotwa kwa vipande vyembamba vya ganda la mwanzi, ikazungushwa kama mkeka wa duara kuanzia katikati. Kila fundo la msokoto ni nukta inayokandamiza, kwa hiyo nguvu ya mkono hugawanyika kwenye nukta nyingi mno badala ya kuwa bamba moja. Kamba nyembamba ya nyuzi 4 ni ya mistari. Nene, hadi nyuzi 16, ni ya maeneo mapana. Juu ya vyote hufungwa ganda kavu la chipukizi la mwanzi, na hilo ndilo linaloteleza kwenye karatasi.

Ganda huchakaa, nawe ndiye wa kulibadilisha. Lifute kwa kitambaa chenye maji pande zote mbili lilainike, lilaze upande laini ukitazama nje, mishipa yake iende sambamba na mshiko. Vuta ncha zote mbili kwa nguvu, zisokote, zikutane mgongoni, funga. Likilegea litakunjamana na kuchana karatasi. Kabla ya kusugua, paka tone la mafuta ya kamelia kwenye pamba na upitishe bareni hapo. Fanya hivyo kila baada ya karatasi chache, maana ganda kavu hulia na kukwama. Ukiona ufa, acha kazi ubadilishe, usijidanganye kwamba utamalizia karatasi tano.

Bareni za plastiki zenye vijinundu au gololi za chuma zinatosha kwa miaka ya kujifunza. Jambo moja tu: usisukume kwa kifundo cha mkono. Inamia kibao, uzito wa bega ushuke, bareni iende kwa mwendo mfupimfupi wa msumeno.

Mistari ya nywele inavunjika ninapochonga. – Bi. R.

Tunakisia mambo mawili. Kwanza, mbao. Vibao vya Kijapani ni vya mcheri wa mlimani, hupasuliwa kufuata urefu wa gogo, na ugumu wake ndio unaobeba mstari mwembamba. Ukitumia plaiwudi laini, nywele usizitamani; chora picha yenye mistari minene kidogo.

Pili, ulalo wa kisu. Kisu kinapopita kando ya mstari, mpini uuinamishe juu ya mstari wenyewe, ncha ielekee nje, ili mstari ukae kama tuta: mwembamba juu, mpana chini. Ukiusimamisha wima, au vibaya zaidi ukiinamisha kinyume, utaukata mguu wake, nao utang'oka siku ya kuchapa, brashi ikipita. Kata ya pili hutoka upande wa mbali, ikutane na ya kwanza kama mfereji. Ndipo patasi na bobari zifuate kuondoa mbao zisizotakiwa. Kati ya nywele na nywele, milimita moja ya kina inatosha. Kwenye uwazi mpana chimba zaidi, kwa sababu karatasi mbichi hubonyea katikati na kuokota uchafu.

Angalia pia hanshita yako, mchoro unaogundishwa kifudifudi kwenye kibao. Uji uwe mwembamba na usio na mabonge. Karatasi ikishika, sugua mgongo wake kwa kidole chenye unyevu hadi nyuzi zitoke kama uchafu wa ngozi na ubaki utando mmoja tu, kisha paka mafuta kidogo. Mistari itaonekana kama imechorwa kwenye mbao.

Ni kweli Hokusai, yule mchoraji wa Kijapani, alichonga ile picha yake mashuhuri ya wimbi kwa mkono wake? – Mwanafunzi

La. Ujanani aliwahi kujifunza kuchonga, lakini wimbi la takriban mwaka 1831 lilipita mikono ya watu wanne: mchapishaji aliyetoa fedha, mchoraji, mchongaji na mchapaji. Ndivyo kazi ilivyogawanywa mjini Edo, ambao leo ni Tokyo. Mtu mmoja kufanya yote kuanzia mchoro hadi karatasi ni jambo la karne ya 20; picha ya mvuvi ya Yamamoto Kanae ya mwaka 1904 ndiyo inayotajwa kama mwanzo. Kwa hiyo unapotatizika peke yako na kisu, bareni na brashi, kumbuka unafanya kazi za mafundi watatu.

Anga la kwenye picha za mchoraji Hiroshige, buluu nzito juu na nyeupe chini, linachongwaje? – S. A. (tena)

Halichongwi. Kibao chake ni bapa tupu. Hiyo ni bokashi, yaani rangi inayofifia taratibu, na ni kazi ya brashi.

Pitisha kitambaa chenye maji kwenye sehemu ya anga, ibaki na unyevu bila madimbwi. Weka rangi na uji kidogo kwenye ukingo wa juu tu. Tia rangi pembe moja ya brashi, pembe ya pili ibaki na maji matupu, kisha ipeleke kulia na kushoto sambamba na ukingo, bila kuigeuza. Rangi itafifia yenyewe inapokutana na maji. Chapa. Rudia mara mbili au tatu, kila mara ukanda uwe mwembamba kuliko uliotangulia. Ukiona mstari mkali mahali rangi inapoishia, kibao kilikuwa kikavu. Ukiona mawimbi na mabaka, maji yalizidi. Buluu yenyewe ni ya Prusia. Wajapani waliiita bero, kutoka jina la Berlin, na ilianza kutumika kwa wingi kwenye picha hizi karibu na mwaka 1830.

Karatasi zangu zimeota madoa ya kuvu kabla sijamaliza rangi. – Bi. R. na wengine wawili

Rundo lenye unyevu na uji wa mchele ni shamba la kuvu, hasa penye joto. Panga kumaliza rangi zote ndani ya siku tatu au nne. Ukilazimika kusimama, lifunge rundo barabara kwa plastiki uliweke kwenye friza; toa usiku wa kuamkia kazi liyeyuke taratibu likiwa bado limefungwa. Rangi ya mwisho ikishachapwa, usizianike kwenye kamba, zitajikunja. Zipange moja moja kati ya makatoni ya kunyonya, weka uzito juu, na ubadilishe makatoni baada ya saa chache, kisha tena kesho yake. Zile zilizokwisha kuota madoa hazisafishiki. Zifanye karatasi za majaribio.