Treni au gari: Roma, Florence, Venice na vijiji vya Toscana

Ndugu, umeuliza upande treni au ukodi gari kwa siku kumi Italia, kupitia Roma, Florence, Venice na vijiji vya mkoa wa Toscana: usichague kimoja tu. Kati ya miji mikubwa panda treni. Treni za kasi za Frecciarossa au Italo hutoka Roma Termini, kituo kikuu cha Roma, hadi Florence kwa takriban saa moja na nusu na kukushusha katikati ya mji. Kata tiketi mapema, nauli hupanda. Treni za mkoa bei yake haibadiliki, ila tiketi ya karatasi igonge muhuri kwenye mashine kabla ya kupanda, la sivyo utapigwa faini hata kama umelipa.

Gari likodi siku mbili tatu za Val d'Orcia, bonde la Toscana, kule Pienza na Montalcino ambako mabasi ni machache. Lichukulie uwanja wa ndege wa Florence, si mjini. Katikati ya mji kuna ZTL, maeneo yenye kamera yasiyoruhusu gari lisilo na kibali. Kila ukiingia ni faini nyingine, na kampuni ya kukodisha hukukata ada ya kupeleka jina lako kwa mamlaka. Barua yenyewe huja miezi kadhaa baadaye, ukiwa umeshasahau! Leseni ya Tanzania au Kenya iambatane na kibali cha kimataifa cha udereva. Venice usipeleke gari kabisa, linaishia Piazzale Roma, uwanja ulio mlangoni mwa mji.