Mapinduzi yaliharibika lini?

Ndugu, umeuliza iwapo mapinduzi ya wanyama dhidi ya mwenye shamba katika riwaya ya Shamba la Wanyama (Animal Farm) yaliharibika siku Snowball, mmoja wa nguruwe viongozi, alipofukuzwa na mbwa wa nguruwe mpinzani wake, Napoleon. Kwa maoni yangu yaliharibika mapema zaidi, pale nguruwe walipojitengea maziwa na matofaa, Snowball mwenyewe akiafiki, kwa hoja kwamba kazi yao ya kufikiri inahitaji lishe bora. George Orwell, mwandishi wa riwaya hiyo iliyotoka mwaka 1945, alieleza hivyo hivyo katika barua. Wanafunzi ninaowafundisha hapa Dodoma humlaumu Napoleon peke yake (ni rahisi, ana mbwa), ilhali wa kuchunguzwa zaidi ni Squealer, nguruwe msemaji wa Napoleon, kwa kuwa kila amri ya shamba iliyoandikwa ukutani na kisha kugeuzwa ilihitaji mfafanuzi mpole, hadi wanyama wakaamini kuwa kumbukumbu zao ndizo zenye kasoro.