Kabla hujaandika kwamba mbolea mbili "zimesaidiana"

Mavuno yakiisha huku Mbeya, wanafunzi na maafisa ugani huniletea daftari za majaribio ya mahindi niwasaidie hesabu. Wote wanauliza: mbolea ya kupandia (yenye fosforasi) na ya kukuzia (yenye naitrojeni) zinasaidiana, au kila moja inafanya kazi yake tu? Swali zuri, hasa kwa udongo wetu wa volkano unaoing'ang'ania fosforasi mmea usiipate. Bahati mbaya, mara nyingi jibu limeshapotea shambani.

Ploti, yaani vipande vya shamba la majaribio, ziwe nne: bila kitu, naitrojeni tu, fosforasi tu, na zote mbili. Ile tupu watu huionea uchungu, eti ardhi inapotea. Bila hiyo hujui pa kuanzia kuhesabu. Kwenye mteremko, kila bloku, yaani kundi la ploti, ifuate kimo kimoja na iwe na ploti zote nne.

Halafu soma mfuko. DAP, mbolea ya kupandia ya fosforasi, ina pia naitrojeni asilimia 18, kwa hiyo ukiitumia, ploti yako ya "fosforasi tu" tayari ina vyote viwili. Tumia TSP, yenye fosforasi bila naitrojeni.

Kwenye modeli, yaani kanuni ya hesabu unayochagua, ndiko kwenye utamu. Tuseme ekari isiyo na mbolea imetoa gunia 6, ya naitrojeni 10, ya fosforasi 9, ya zote 15. Kwa kujumlisha, naitrojeni imeongeza 4 na fosforasi 3, ulitarajia 13; gunia 2 ni ziada, unashangilia. Sasa chukua logi (logarithimu) ya mavuno kwanza. Kujumlisha logi ni sawa na kuzidisha namba zenyewe, kwa hiyo hesabu inageuka ya kuzidisha: 6 × 10/6 × 9/6 ni 15 kamili. Ziada imeyeyuka, na mahindi ni yale yale! Programu ya takwimu haitakuchagulia njia.

Mjadala huu ni wa zamani. Mwaka 1939 mtaalamu wa takwimu Bliss, akichunguza sumu zinazotumiwa pamoja, alitumia kanuni hii: sumu moja ikiua asilimia 40 ya wadudu na nyingine 30, na kila moja ikiua kwa njia yake, tarajia 58, si 70, kwa kuwa aliyekwisha kufa hafi tena.

Mimi kwenye mavuno najumlisha, maana mkulima anauza gunia, hauzi logi. Kwenye kuhesabu wadudu waliokufa namfuata Bliss. Wewe chagua unavyoona, ila andika uamuzi wako kabla ya kupanda. Na ukiripoti ziada, taja makadirio yake ya chini na ya juu kwa gunia. Kama yanaanzia hasi 1 hadi 5, yaandike hivyo hivyo, hata msimamizi akikunja uso.