Usiligandishe Pangaboi

Mara ya kwanza kupiga picha kwenye maonyesho ya ndege za kivita za zamani, niliweka kasi ya shata 1/2000 ya sekunde nikarudi na mamia ya picha kali kama wembe, zote mbovu. Kila Spitfire ilikuwa kama mdoli uliotundikwa kwa uzi, pangaboi limesimama tuli. Ukizitazama unashangaa mbona ndege haianguki.

Wewe unayeanza, piga hesabu hii. Injini ya Merlin, ile ya Spitfire, ikizunguka mara 2,400 kwa dakika, gia zake hupunguza mzunguko huo hadi chini ya nusu, hivyo pangaboi huzunguka mara 17 hadi 19 kwa sekunde. Kwa 1/1000, kila panga limesogea nyuzi 6 au 7 tu kati ya 360 za duara, na macho yanaliona limeganda. Kwa 1/125 limesogea nyuzi 50 hivi, na hapo ndege inaanza kuruka ndani ya picha. Mimi huanza na 1/250 mkono upate moto, kisha nashuka taratibu. Jeti hazina pangaboi, kwa hiyo hizo zipige 1/1000 au zaidi bila wasiwasi.

Gharama ya shata ya polepole ni mtikisiko. Miguu ielekeze pale utakapomalizia, si ndege inakotokea, kisha zungusha kiuno. Anza kuifuata ingali mbali, bonyeza kwa mfululizo mfupi, na usisimame shata inapofunga; wengi hukwama hapo. Kama lenzi yako ina namna ya kuzuia mtikisiko wa juu na chini pekee, iwashe. Tripodi iache nyumbani. Mwanzoni, picha tano nzuri kati ya mia ni mavuno ya haja, kwa hiyo futa zilizobaki bila huruma.

Shata ya polepole kwenye jua kali huleta tatizo lingine: hata ukishusha ISO (wepesi wa kamera kupokea mwanga) hadi 100, tundu la lenzi linabanwa mpaka f/16, yaani dogo sana, na kila punje ya vumbi kwenye kihisi cha kamera inajitokeza kama doa angani. Safisha kihisi mapema, au beba kichujio cha kupunguza mwanga. Halafu anga jeupe huidanganya kamera, tumbo la ndege likatoka jeusi tii. Ongeza mwanga hatua moja, yaani maradufu, na uuondoe ndege ikishuka mbele ya miti. (Hili la kuuondoa nalisahau mpaka leo.)

Wahi asubuhi. Kwenye injini zenye silinda zilizopangwa duara, oili hujikusanya kwenye silinda za chini zikiwa zimezimwa; ndiyo maana utaona mafundi wakizungusha pangaboi kwa mkono kabla ya kuwasha. Inapowaka, oili iliyobaki inatoka kama wingu la moshi. Picha hizo nazipenda kuliko nyingi za angani. Mchana, joto linalopanda kutoka kwenye lami huyeyusha ndege za mbali, na hakuna lenzi inayotibu hilo.

Angani, subiri ndege inapokata kona ikiwaonyesha watazamaji mgongo wake: mabawa yote mawili yanaonekana, na rubani naye. Mizunguko ya kuonyesha tumbo usiimalizie kadi ya kuhifadhi picha. Na kadi ya akiba ikae mfukoni, si kwenye begi. Mustang, ndege nyingine ya kivita ya zamani, ilinipita hivyo, nikihangaika na zipu.