Maswali ya Wasomaji: Pikapu ya Gitaa Ipande au Ishuke?

SWALI: Ndugu mwandishi, ninapiga solo katika bendi ya dansi hapa Morogoro. Gitaa langu ni la umeme, la muundo wa Stratocaster wa kampuni ya Fender, lenye pikapu tatu na swichi ya hatua tano ya kuchagua pikapu ipi ilie. Mwezi uliopita nilimwomba fundi aliongezee nguvu, naye akazipandisha pikapu zote hadi zikakaribia kugusa nyuzi. Sauti imeongezeka kweli, lakini nikivuka freti ya 12 (vile vyuma vilivyopangwa shingoni) kwenye nyuzi nene, noti inayumba kana kwamba nyuzi mbili zinalia pamoja, na tyuna, kile kifaa cha kupimia sauti ya uzi, haitulii. Fundi ananishauri ninunue pikapu mpya. Naomba pia unieleze kazi ya hatua ya pili na ya nne za swichi, maana huwa naziruka.
Mpiga solo, Morogoro

JIBU: Usinunue chochote, ndugu yangu. Chukua bisibisi.

Pikapu (si gari la mizigo, bali kile kifaa chenye sumaku na koili ya waya mwembamba kinachokaa chini ya nyuzi) haisikii mlio kama sikio linavyousikia. Inachohisi ni mtikisiko wa chuma ndani ya nguvu ya sumaku. Katika gitaa la aina yako kila uzi una kijiti chake cha sumaku kilichosimama moja kwa moja chini yake, na kijiti hicho kikisogezwa karibu mno huanza kuuvuta uzi, hata ukashindwa kutikisika kwa uhuru. Hapo ndipo noti huyumba, hulia kwa namna ya sauti mbili zinazogombana, na kufa mapema. Ugonjwa huo hujitokeza zaidi kwenye nyuzi nene na kwenye freti za juu, hasa kwa sababu ya pikapu ya shingoni, na ndiyo maana wengi hudhani kwamba shingo la gitaa limepinda.

Tiba yake ni hii. Bana uzi mnene kuliko zote kwenye freti ya mwisho, kisha pima nafasi iliyopo kati ya upande wa chini wa uzi huo na kichwa cha sumaku. Kwa pikapu za muundo wa zamani, kampuni ya Fender hupendekeza takribani milimita 2.4 upande wa uzi mnene na milimita 2 upande wa uzi mwembamba. Kama huna rula nzuri, kadi ya benki ina unene wa milimita 0.76, kwa hiyo kadi tatu zilizopangwa pamoja zinakaribia sana kipimo cha upande wa nyuzi nene. Upande wa nyuzi nyembamba kadi mbili zipite kwa nafasi na tatu zikatae. Tumia kadi zilizokwisha muda wake, kwa kuwa sumaku ya pikapu inaweza kuharibu ule utepe mweusi ulio mgongoni mwa kadi.

Ukizungusha skrubu kinyume cha saa, pikapu inashuka. Ukiizungusha kwa mwelekeo wa saa, inapanda. Nenda nusu mzunguko kila mara na usikilize, wala usiilegeze skrubu hadi ichomoke, kwani pikapu itadondokea ndani na utalazimika kulifungua gitaa zima. Anza na ya shingoni, ambayo mimi huiweka chini kuliko zote, kwa kuwa hapo uzi hutikisika kwa upana mkubwa na sauti huwa kubwa hata pikapu ikiwa mbali. Karibu na daraja (pale nyuzi zinapoegemea kwenye mwili wa gitaa) mtikisiko ni mdogo, kwa hiyo pikapu ya hapo inaweza kupanda kidogo. Nguvu utakayoipoteza utairudisha kwenye volyumu ya amplifaya, ambako ndiko ilikopaswa kutafutwa tangu mwanzo.

Ama kuhusu swichi, gitaa hili lilipoingia sokoni mwaka 1954 lilikuwa na swichi ya hatua tatu tu. Wapigaji ndio waliogundua kwamba ukiitegesha katikati ya hatua mbili, pikapu mbili hulia kwa pamoja, na mwaka 1977 Fender wakaanza kuweka swichi ya hatua tano. Hatua ya pili huunganisha pikapu ya darajani na ya kati, na ya nne huunganisha ya kati na ya shingoni. Kwa kuwa kila moja inauhisi uzi uleule mahali tofauti, baadhi ya masafa ya sauti hupunguzana, na kinachobaki ni ule mlio mwembamba, wenye uwazi, unaopenya kati ya besi na ngoma bila kuhitaji kelele. Kwa sebene, kuziruka hatua hizo ni hasara. Mimi ningeanza na ya nne na kuiacha ya kwanza kwa sehemu chache za kuchokoza. Aidha, ikiwa pikapu yako ya kati imezungushiwa waya kinyume na sumaku yake imegeuzwa, hatua hizo mbili zitanyamazisha ule mvumo wa umeme wa hezi 50 unaousikia ukisimama karibu na taa. Sharti pikapu zote mbili ziwe na nguvu zinazolingana. Moja ikiimeza nyenzake, ule mlio mwembamba hutoweka.

SWALI: Gitaa langu la kanisani lina hambaka (pikapu za koili mbili) mbili. Ya shingoni inanguruma kama pipa. Tena nikiziwasha zote na kufunga volyumu ya moja, gitaa zima linanyamaza. Je, limeharibika?
Mpiga ridhimu, Mombasa

JIBU: Halijaharibika. Hambaka huvuta uzi kwa nguvu ndogo kuliko pikapu ya koili moja, kwa hiyo hustahimili kuwa karibu zaidi: Gibson hupendekeza milimita 1.6 darajani na 2.4 shingoni. Ishushe ya shingoni hata kupita kipimo hicho, hasa upande wa nyuzi nene, mpaka mngurumo ukatike. Na katika magitaa yenye volyumu mbili za kawaida, ukiwa umewasha pikapu zote, volyumu yoyote ikifika sifuri hunyamazisha zote mbili. Ipunguze ya shingoni hadi 7 tu.