Watchmen: nimeona filamu, nisome na kitabu?

SWALI: Nimeitazama filamu ya Watchmen ya 2009. Je, kitabu chake cha katuni kina jipya?

JIBU: Kinalo, tena mengi. Sura zake 12 zilitoka kati ya 1986 na 1987. Soma moja kwa siku, usikimbie. Wengi huruka kurasa za maandishi zinazofunga sura 11 za mwanzo, kisha hulalamika kwamba hawawaelewi mashujaa wa zamani. Historia yao imo humo humo! Sura ya 5 ndiyo tamu zaidi: mpangilio wa visanduku vya ukurasa wa kwanza unajirudia kinyume katika ukurasa wa mwisho, kama kwenye kioo. Mwisho pia ni tofauti: kitabuni, mamilioni wanauawa New York na dude kubwa lenye minyiri, ambalo filamu imeliacha.